Ukipata faida mapema, kagua ulivyoipata: maswali ya wasomaji kuhusu sarafu na hisa

Barua nyingi tulizopokea kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za Magharibi zinahusu miezi ya mwanzo ya biashara ya sarafu na hisa. Wapo waliopata faida haraka na sasa wanataka kuongeza mtaji, na wapo waliochoma akaunti, yaani waliopoteza mtaji wote, wasijue walipoteleza. Tumechagua tano. Dola tumeikadiria kwa shilingi 130.

Niliweka shilingi 26,000, yaani dola 200, nikaanza kununua na kuuza dhahabu kwa simu. Wiki tatu baadaye nina dola 412. Nimefanya miamala 17, nikashinda 14, mara nyingi nikitoka na dola 17 hivi. Natumia loti 0.05. Siweki stopu, ile bei ya kunitoa hasara ikizidi, kwa sababu bei hurudi. Pesa za mkopo wa masomo wa HELB zikiingia niziongeze humo?
*Mwanafunzi, Maseno*

Usiziongeze. Karo na chakula kwanza, na sababu yenyewe imo katika hesabu zako.

Loti moja ya dhahabu ni aunsi 100, kwa hiyo loti 0.05 ni aunsi 5. Bei ikisogea dola 1, akaunti yako inasogea dola 5. Ulipokuwa na dola 200, dhahabu kukugeuka kwa dola 40 tu kungekumaliza, na broka angefunga muamala hata kabla ya hapo, amana yako ikishuka chini ya kiwango chake. Miaka hii dhahabu husogea makumi ya dola katika siku moja isiyo na habari yoyote kubwa. Maana yake ni kwamba kila mara ulipobonyeza, uliiweka mezani karibu akaunti nzima.

Sasa tazama ile faida ya dola 17. Ukiigawa kwa aunsi 5 unapata dola 3.40. Kwa hiyo ulikuwa unafunga bei ikikusogea dola 3.40, na upande wa hasara hukuwa na kizuizi chochote hadi dola 40. Ukipanga biashara hivyo, hata bei ingekuwa inatangatanga bila mwelekeo wowote, itagusa zile 3.40 kabla ya kugusa 40 zaidi ya mara 9 katika kila 10. Utashinda wiki nzima, pengine mwezi. Kisha ile mara moja inakuja na kubeba faida za miamala kama 12 kwa mpigo. Hiyo 14 kati ya 17 imetokana na mahali ulipoweka milango ya kutokea, na bado haijatuambia kama unaisoma dhahabu vizuri au la.

Njia ya kujua ipo, na inahitaji jioni moja. Chukua historia ya akaunti, fungua chati ya dakika 5, urudie kila muamala kati ya ile 17. Andika vitu viwili: ulipata nini, na kabla ya kupata, bei ilikuzamisha kiasi gani. Ukikuta muamala uliokuletea dola 17 ulizama kwanza dola 25 kwa aunsi, ulikuwa umehatarisha dola 125 kutafuta 17. Wasomaji wengi wanaofanya zoezi hili hawaongezi pesa tena wiki hiyo.

Kisha toa dola 200 zako za kwanza. Utajua pia kama broka wako hulipa bila visingizio, jambo ambalo kijana anapaswa kulijua mapema kabisa. Zinabaki dola 212. Hatarisha kama dola 4 kwa muamala, yaani asilimia 2. Kwa dhahabu, loti ndogo kabisa ya 0.01 ni aunsi moja, kwa hiyo dola 4 zinakupa nafasi ya bei kusogea dola 4 tu, nayo ni finyu mno. Utatolewa na mtikisiko wa kawaida. Hamia kwenye euro na dola: loti 0.01 huko ni senti 10 za dola kwa pipu (bei kusogea 0.0001), na dola 4 zinakupa stopu ya pipu 40. Kanuni yake ni hii: pesa unazokubali kupoteza, gawanya kwa pipu za stopu, kisha kwa thamani ya pipu moja ya loti 0.01. Hapa 4 kwa 40 ni 0.10, na 0.10 kwa 0.10 ni 1, yaani loti 0.01 moja kamili.

Halafu kuna mtaji wa kuazimwa ambao broka anakupa, ule unaoandikwa 1:100 au 1:400, yaani kwa dola 1 yako unaendesha muamala wa dola 100 au 400. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa mikataba ya aina hii, ya kubashiri bei bila kumiliki mali yenyewe, hupata hasara, ikaweka mpaka wa 1:30 kwa sarafu kubwa na 1:20 kwa dhahabu. Kama unatamani kujua kiwango cha busara kwa anayeanza, hizo namba mbili zinatosha.

Nimechoma akaunti mara tatu. Kila mara naanza vizuri, napanda kidogo kidogo, halafu siku mbili zinamaliza kila kitu. Watu wananiambia niweke daftari. Niandike nini humo?
*Fundi simu, Nakuru mjini*

Ndugu, mtu anayepanda kidogo kidogo kisha akaanguka kwa siku mbili mara nyingi ana shida ya ukubwa wa miamala, tena ukubwa unaobadilika akishapoteza. Akipoteza dola 4 anaingia na 8 ili arudishe, kisha 16, 32, 64. Hasara tano zikifuatana kwa mtindo huo ni dola 124, na muamala wa sita unadai 128 nyingine. Akaunti ya 200 imekwisha. Usidhani hasara sita mfululizo ni mkosi wa ajabu. Anayeshinda nusu ya miamala yake, akifanya miamala 100, ana uwezekano zaidi ya nusu wa kukutana na mfululizo huo angalau mara moja. Akiwa anahatarisha asilimia 2 kila mara, hasara sita zinamwondolea asilimia 11 hivi. Akiwa anahatarisha asilimia 20, zinamwondolea 74, na ili arudi alipokuwa lazima mtaji uliobaki uongezeke karibu mara nne.

Daftari lipo ili uone hayo kwa mwandiko wako mwenyewe. Kitabu cha kawaida cha shule kinatosha. Nusu ya mstari ijazwe *kabla* ya kuingia, la sivyo utaandika sababu ulizozipata baada ya kujua matokeo. Kabla: tarehe na saa, sarafu, kununua au kuuza, bei ya kuingilia, stopu, lengo, loti, hatari kwa dola, na sababu kwa sentensi moja. Baada: bei ya kutokea, matokeo kwa dola, matokeo yakigawanywa kwa hatari, na jibu la swali moja: nilifuata nilichoandika, ndiyo au hapana?

Mstari mmoja unaweza kuwa hivi. Jumanne, saa nne na dakika 20 asubuhi. Euro kwa dola, kununua 1.0842, stopu 1.0822, lengo 1.0882, loti 0.02, hatari dola 4. Sababu: bei imerudi kwenye kilele cha jana ikakataa kuvuka kwenda chini. Nilitoka 1.0854 kwa mkono, faida dola 2.40, yaani 0.6 ya hatari. Nilifuata? Hapana, niliogopa. Baadaye bei ilifika 1.0882.

Mstari huo peke yake hauna uzito. Ukiwa na 40 kama huo ndipo utaona kitu. Tuseme umeshinda 18 na kupoteza 22. Kama ushindi wako wa wastani ni 1.6 ya hatari na hasara ni 1, una 28.8 kutoa 22, baki 6.8: mpango unalipa ingawa umeshindwa mara nyingi kuliko ulivyoshinda. Kama kwa hofu unatoka kila mara kwenye 0.6, una 10.8 kutoa 22, na mpango uleule unakufilisi. Chati haijabadilika hata kidogo; mkono wako ndio uliobadilisha hesabu, na bila daftari ungelaumu mpango na kwenda kutafuta mwingine. Hapo ndipo wengi hupoteza mwaka mzima.

Mwisho wa mwezi, zipange rekodi katika mafungu manne: faida uliyofuata mpango, hasara uliyofuata mpango, hasara bila mpango, na faida bila mpango. Fungu la pili usilihuzunikie, ni gharama ya kazi. Lisome kwa makini lile la nne. Faida iliyopatikana kwa kuvunja kanuni ndiyo inayokufundisha kuivunja tena, na ukirudi nyuma kwenye akaunti zako tatu huenda ukaikuta siku chache tu kabla ya zile siku mbili.

Weka na vizuizi viwili. Hasara mbili kwa siku, unafunga simu mpaka kesho. Mtaji ukishuka asilimia 6 ndani ya mwezi, unarudi kwenye akaunti ya majaribio mpaka mwezi uishe. Viandike kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu, na umwambie mtu wa nyumbani kwamba vipo.

Ijumaa moja alasiri niliweka stopu ya pipu 15, bado nikapoteza pipu 31. Broka ameniibia?
*Mhudumu wa saiba, Kisumu*

Si lazima. Angalia kama ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Takwimu za ajira za Marekani kwa kawaida hutoka siku hiyo saa 2:30 asubuhi ya New York, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu alasiri, au saa kumi na nusu wao wakiwa katika majira ya baridi. Sekunde hizo bei huruka. Stopu ni agizo la kuuza kwa bei itakayopatikana ikishaguswa, na kama hakuna mnunuzi kwenye pipu ya 15 unauziwa kwenye ya 31. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, na bei ikaporomoka kwa dakika chache bila wanunuzi wa katikati. Watu waliokuwa na stopu walijikuta wakidaiwa, na mabroka kadhaa wakafilisika.

Usiwe na muamala wazi dakika 15 kabla na baada ya habari kama hiyo. Kama hakukuwa na habari yoyote, na jambo hilo linajirudia saa za kawaida za soko la London, piga picha za skrini, mwandikie broka akueleze, na kama ana leseni ya Kenya peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kuna kijana wa jirani ametuonyesha kwenye simu yake faida kubwa za forex. Anasema akina mama wa chama chetu tumpe shilingi 100,000 atuzungushie, ataturudishia asilimia 10 kila mwezi. Ni kijana mwenye heshima. Tumpe?
*Mama muuza mitumba, Kibuye, Kisumu*

Mama, msimpe, hata kama ana heshima, na hata kama zile faida ni za kweli.

Anayesimamia pesa za wengine katika biashara ya sarafu mtandaoni anahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kanuni za mwaka 2017 zilitenga leseni ya wasimamizi wa fedha hizo mbali na ile ya mabroka. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka, na binti yeyote mwenye simu anaweza kuwasomea mkutanoni. Kama jina lake au la kampuni yake halimo, mazungumzo yameishia hapo. Akisema broka anayemtumia ana leseni, hiyo ni leseni ya broka. Yeye bado hana.

Kisha ile asilimia 10. Ikikaa na kuzaa mwaka mzima, laki moja inakuwa zaidi ya laki tatu. Hakuna muuzaji wa sarafu anayeweza kuahidi hilo kila mwezi, kwa kuwa miezi ya hasara ipo kwa kila mtu. Anayeahidi kiwango kisichobadilika, mwezi wa hasara atawalipa kwa pesa za chama kinachofuata.

Na zile picha za skrini. Chukueni watu 200, kila mmoja arushe sarafu ya shilingi mara 10. Kama 11 kati yao watapata upande waliouchagua mara 8 au zaidi, bila ujuzi wowote. Hao 11 ndio watakaopiga picha na kuzituma kwenye kikundi cha WhatsApp. Wale 189 watanyamaza. Kijana wenu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa mmoja wa hao 11, naye mwenyewe hajui. Mkitaka kumsaidia, mwambieni aendelee na pesa zake ndogo na daftari lake kwa mwaka mmoja. Laki ya chama iacheni kwenye SACCO au mahali pengine salama ambapo mnaweza kuitoa shule zikifunguliwa.

Mwaka 2006 nilinunua hisa za KenGen, nikafurahi sana. Mwaka 2008 nikachukua mkopo wa benki nikanunua Safaricom, nikaumia na kuuza. Za kampuni ya sukari ya Mumias niliziongeza kila zilipoanguka. Sasa nina shilingi 60,000 na nataka kurudi sokoni. Hayo matatu yananifundisha nini?
*Mwalimu mstaafu, Mumias*

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza vizuri, kwa sababu matatu hayo yalifuatana, na la kwanza ndilo lililozaa la pili.

KenGen iliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90, na muda mfupi baada ya kuorodheshwa bei ilikuwa zaidi ya mara tatu. Waliopata walijifunza kwamba hisa zikiuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, faida ni hakika. Mfano ulikuwa mmoja tu, na bei ya kuanzia ilikuwa imewekwa chini. Somo halali lilikuwa dogo zaidi: *hii* iliuzwa rahisi.

Safaricom ikaja kwa shilingi 5, ikaorodheshwa Juni 2008. Wengi walikopa, wakapewa sehemu ndogo ya hisa walizoomba, na riba ikaanza kukimbia. Mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Kampuni haikuwa mbovu; mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40, na mwaka 2023 ikawa chini ya 15. Kilichokuumiza ni mkopo, kwa sababu marejesho ya kila mwezi ndiyo yaliyokuchagulia siku ya kuuza. Kwa hiyo katika rekodi zako andika hasara hiyo chini ya "pesa za kukopa", usiiandike chini ya "Safaricom".

Mumias inauma zaidi kwa sababu ni nyumbani, na miwa ya majirani ilipita pale. Tuseme mtu alinunua kwa shilingi 12, akaongeza kwa 6, kisha kwa 3, kila mara shilingi 12,000. Ana hisa 7,000 kwa wastani wa shilingi 5.14. Wastani umeshuka, na moyo umetulia, lakini pesa zilizo hatarini zimetoka 12,000 hadi 36,000 katika kampuni iliyokuwa ikizidi kudaiwa. Bei ilishuka chini ya shilingi moja, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi kwa niaba ya wadai, na hisa zikasimamishwa kuuzwa. Kuongeza hisa inayoanguka si kosa kila mara. Ni kosa pale sababu pekee ya kuongeza inapokuwa kwamba imeanguka.

Sasa zile 60,000. Zigawe mara tatu, kampuni tatu za sekta tofauti, na ununue kwa miezi kadhaa. Ada za dalali na soko kwa muamala mdogo ni karibu asilimia 2 kila upande: ukinunua za 20,000 unalipa kama 400, ukiuza kama 400 nyingine, kwa hiyo bei lazima ipande asilimia 4 ndipo urudi ulipoanza. Hiyo inatosha kukuzuia kununua na kuuza kila wiki. Mauzo hulipwa baada ya siku tatu za kazi, usiyategemee kwa karo ya kesho. Gawio hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla halijakufikia. Na tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, badala ya kuanzia 100 kama zamani, kwa hiyo huna haja ya kukamilisha fungu kwa pesa ambazo hukupanga kuzitumia.

Kabla ya kununua, andika kwenye ukurasa mmoja kwa nini unainunua kampuni hiyo na ni habari gani itakayokufanya uiuze. Habari, usiandike bei. Kisha kila ripoti ya mwaka ikitoka, usianze na picha ya mwenyekiti. Nenda kwenye pesa taslimu zilizotokana na shughuli zenyewe, uzilinganishe na madeni yanayopaswa kulipwa ndani ya mwaka, halafu usome barua ya mkaguzi. Ukikuta ameandika kwamba kuna shaka kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake, usiongeze hata hisa moja mpaka ripoti inayofuata, hata bei ikiwa nusu ya ulivyonunua.